Ukipanda kwa Lifti, Kifungio cha Skii Kipimwe kwa Mteremko

Mtelezaji wa skii kwenye theluji anayepandishwa mlimani kwa lifti karibu siku zake zote, lakini anatamani pia kuvuka mpaka wa eneo lenye lifti na kupanda kwa miguu hadi kwenye theluji isiyokanyagwa, ana uamuzi mgumu wa kufanya: kifungio gani kishike buti lake kwenye skii? Kifungio cha kupandia kina kazi mbili zinazovutana. Wakati wa kupanda kinaachia kisigino kiinuke kwa kila hatua, huku ngozi zilizobandikwa chini ya skii zikizuia kurudi nyuma. Wakati wa kushuka kinabana kisigino imara, lakini mtu akianguka vibaya kinapaswa kuliachia buti kabla mfupa wa muundi haujavunjika.

Wanaopendelea vifungio vya pini wana hoja ya kweli. Ubunifu huo ulitoka kwa Fritz Barthel wa Austria katika miaka ya 1980: pini mbili za chuma zinaingia kwenye vishimo viwili vya ncha ya buti, na mguu unazunguka hapo. Anayepanda hainui kifungio, anainua buti lake tu na kuiburuta skii. Vifungio vingi vya namna hii havifiki gramu 600 kimoja, wakati vile vya fremu, ambavyo huinuka pamoja na kisigino kwa kila hatua, hupita kilo moja kwa urahisi. Katika mpando wa mita 1,000 hatua ni maelfu, na kila gramu mguuni inahesabika. Wanaongeza kwamba wapo watelezaji hodari wanaoshuka miteremko mikali sana kwa pini bila tatizo. Hilo nalikubali.

Ila siku ya lifti si siku ya kupanda. Aliyepanda kwa nguvu zake pengine atashuka mara moja au mbili, mara nyingi kwenye theluji laini, akiwa makini. Wa lifti anashuka tangu asubuhi hadi lifti zinapofungwa, kwa kasi, kwenye theluji iliyoshindiliwa ikawa ngumu na asubuhi nyingine imeshika barafu. Hapo kifungio kinapigwa mitikisiko mingi kuliko kinavyopigwa katika safari ya kupanda kwa miguu.

Hapo ndipo tofauti ya maumbo inapojitokeza. Sehemu ya mbele ya kifungio cha kawaida cha mteremko inaweza kusogea pembeni kidogo, ikameza pigo, kisha ikarudi katikati bila kuliachia buti. Mnyumbuko huo ndio unaotofautisha mtikisiko wa kawaida na mwanguko wa kweli. Pini hazina nafasi hiyo ya kutosha: zinashika mpaka zinapofunguka. Katika vingi vya pini, kuachia kwa pembeni hufanywa na sehemu ya kisigino, si ya mbele. Sasa mtelezaji ambaye skii imemtoka mguuni katikati ya kasi atafanya nini? Wengi huvuta kitasa cha mbele hadi kikafunga kabisa, kama mtu anayepanda. Skii haitoki tena ovyo, lakini pia haitoki inapotakiwa kutoka. Muundi unabaki bila kinga, na poromoko la theluji likimkuta humo, skii zinamvuta chini badala ya kumwacha huru. Kwangu hili pekee linatosha kusema kwamba pini tupu zisiwe kifungio cha kila siku cha mtu wa lifti.

Namba iliyochapwa juu ya kifungio, inayoonyesha nguvu inayohitajika ili kiachie buti, nayo isomwe kwa uangalifu. Vifungio vya mteremko vina kiwango chao, ISO 9462, na vya kupandia vina ISO 13992, lakini si kila cha pini kimethibitishwa kwa kiwango hicho. Namba 10 kwenye kimoja haikuahidi ulinzi uleule wa namba 10 kwenye kingine. Na haki itendeke: hata kifungio bora cha mteremko kimebuniwa kulinda muundi zaidi kuliko kano za goti. Anayenunua kwa ajili ya magoti yake asitegemee muujiza.

Kati ya pande hizo mbili kuna vifungio mseto. Kampuni za Salomon na Atomic zilitoa Shift mwaka 2018: unapanda kwa pini, kisha unageuza sehemu ya mbele na unashuka kwa kifungio kamili cha mteremko, kwa takriban gramu 900. Marker walifuata na Duke PT, ambacho kipande chake cha mbele hutolewa wakati wa kupanda. Gharama ya mseto ni uzito na ugumu wa matumizi: vipande vingi vinavyosogea, theluji inayojaa ndani yake, na kimo cha bamba la mbele kinachopaswa kupangwa sawasawa na soli ya buti, la sivyo kuachia kunaharibika. Fundi alifanye hilo kwa buti lilelile utakalovaa, na akipime kuachia kwake kwa mashine. Kumbuka pia kwamba buti la kawaida la mteremko lisilo na vishimo vya chuma halipandi kwa pini kabisa. Fremu hulipokea buti hilo; hiyo ndiyo faida pekee iliyobaki ya fremu, na mimi siioni kuwa inatosha.

Mwenye skii jozi moja, anayepanda nusu saa au saa moja kutoka juu ya lifti kila anapoweza, achukue mseto, avumilie uzito wake. Anayepanda mara chache mno kwa msimu afunge kifungio cha kawaida cha mteremko, na siku hizo chache akodi skii za kupandia. Mwenye uwezo wa jozi mbili ana jibu bora kuliko wote, kwa sababu hakuna kazi inayoinyima nyingine haki yake. Ninayemkubalia pini kwenye jozi yake ya pekee ni yule anayepanda lifti asubuhi mara moja tu, kisha siku nzima yuko mbali nayo kwa miguu yake. Huyo kwa kweli si mtu wa lifti, hata kama tiketi anayo mfukoni.