Ufini na ngazi ya furaha: kinachopimwa si kicheko

Tangu 2018 hadi 2025, mara nane mfululizo, Ufini imeongoza orodha ya Ripoti ya Furaha Duniani inayotolewa kila Machi. Na kila Machi mabishano ni yale yale. Upande mmoja unasema: tazameni, nchi iliyojipanga huzaa watu wenye furaha. Upande wa pili unacheka: furaha gani hiyo, mahali ambapo mwezi Desemba jua la Helsinki huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa alasiri, na jirani anachungulia kwanza kwenye kitundu cha mlango asije akakutana nawe kwenye ngazi?

Wengi wa wanaobishana hawajawahi kuliona swali lenyewe. Ni moja tu, nalo halina neno furaha ndani yake. Mhojiwa huambiwa afikirie ngazi yenye vipandio kuanzia 0 chini hadi 10 juu. Kipandio cha juu ni maisha bora kabisa yanayowezekana kwake, cha chini ni mabaya kabisa. Sasa hivi, unajiona umesimama kipandio kipi? Shirika la utafiti wa maoni la Gallup huwauliza watu wapatao 1,000 kwa mwaka katika kila nchi, na wastani huchukuliwa kwa miaka mitatu. Basi. Pato la taifa, afya, rushwa, uhuru, ukarimu na msaada wa ndugu, ambavyo watu wengi hudhani ndivyo vinavyojumlishwa kupata alama, huingia baadaye tu, kujaribu kueleza kwa nini nchi fulani iko juu na nyingine chini.

Mwaka 2025 Ufini ilipata 7.736. Afghanistan, ya mwisho, 1.364. Tanzania imekuwa ikiangukia chini ya 4. Kwa hiyo hata hao mabingwa wamesimama kati ya kipandio cha saba na cha nane. Hawajafika juu, na wao wenyewe ndio wa kwanza kuucheka ubingwa huo.

Wakosoaji wana hoja nzito hapa. Ngazi si chombo kisicho na upande. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, waliwauliza Waingereza zaidi ya 1,500 wanafikiria nini wanapolisoma swali hilo, wakagundua kwamba picha ya ngazi huwapeleka watu kwenye mali na cheo. Ilipoondolewa, fikra za mali zilipungua. Zaidi ya hapo, Gallup hiyo hiyo ina maswali mengine kuhusu siku ya jana: ulicheka au kutabasamu sana? ulipumzika vizuri? uliheshimiwa? Kwenye maswali hayo, waliowahi kushika nafasi za juu ni Paraguay, Panama, Guatemala na Indonesia. Ukibadilisha swali, bingwa naye anabadilika.

Lawama nyingine ni yetu, waandishi wa Kiswahili. Lugha hii ina furaha, raha, starehe, kuridhika na utulivu, na hakuna anayechanganya raha ya harusi na utulivu wa mtu asiyedaiwa. Ripoti inapima kuridhika. Tumeiita furaha kwa sababu ndivyo kichwa chake kilivyoandikwa, kisha tukashangaa kutokuta ngoma mitaani Helsinki.

Ila kuridhika si kitu kidogo, na hapa ndipo watetezi wanapokuwa na nguvu. Ukichunguza jinsi mifumo ya Ufini na jirani zake wa Nordiki (Uswidi, Norwei, Denmark na Aisilandi) inavyofanya kazi, utaona haigawi raha. Inaondoa hofu. Tangu 2022, kila mzazi nchini Ufini ana siku 160 za posho ya kulea mtoto, baba sawa na mama, na siku zisizozidi 63 tu ndizo zinazoweza kuhamishwa kwa mwenzake. Anayepoteza kazi hapotezi matibabu. Uaminifu nao umepimwa kwa vitendo: katika jaribio lililochapishwa 2019, zaidi ya pochi 17,000 ziligawiwa kama zilizookotwa katika nchi 40, na Norwei, Denmark na Uswidi zilikuwa miongoni mwa nchi zilizorudisha nyingi zaidi. Mtu anayeamini kuwa pochi yake itarudi anaishi siku yake kwa wasiwasi mdogo, hata kama hajacheka tangu asubuhi.

Kuna jibu moja linalowatatanisha wasomaji wetu. Swali: ukipata matatizo, una ndugu au marafiki unaoweza kuwategemea? Wafini zaidi ya 9 kati ya 10 husema ndiyo, kiwango kinachozishinda nchi nyingi za Afrika zenye ukoo mpana. Inawezekanaje? Tafsiri yangu ni hii: ndugu kumi wasio na kitu hawakuokoi na bili ya hospitali, hata wakilala nje ya wodi usiku kucha. Na pale ambapo bili imeshabebwa na serikali, ndugu mmoja anayepokea simu anatosha.

Baridi, ambayo wengi huitaja wakiizungumzia Ufini, tuiweke kando, maana haielezi lolote. Urusi na Mongolia zina baridi ya kutosha na haziko karibu na kumi bora, ilhali mwaka 2025 Kosta Rika ilikuwa ya sita na Meksiko ya kumi. Nyumba ya Ufini ina madirisha ya vioo vitatu na ndani ni nyuzi 21 hivi. Kinachouma ni giza. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua huwa chini mno kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, na macho yanapokosa mwanga wa asubuhi saa ya mwili huchelewa: usingizi haushibi, hamu ya vitu vitamu huzidi, na sonona ya msimu huingia taratibu.

Wenyeji wana utaratibu wao, na mgeni hukwama kwa kutoujua. Dhidi ya giza hutumia taa ya tiba, ambayo huwa ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwangaza). Hukaliwa dakika 30 mara tu baada ya kuamka, kwa umbali wa nusu mita hivi, macho yakiwa wazi bila kuikodolea. Makosa ni mawili. Kuiweka mbali juu ya kabati, wakati mwanga hufifia haraka kadiri unavyosogea nyuma; na kuiwasha jioni ukitoka kazini, jambo linaloisogeza saa ya mwili upande usiotakiwa na kukunyima usingizi. Wenye maradhi ya macho, au wanaopanda na kushuka kihisia kupita kiasi, wamwone daktari kwanza. Vitamini D huongezwa kwenye maziwa ya Ufini, maikrogramu 1 kwa kila gramu 100, lakini mtu mweusi asiyekunywa maziwa wala kula samaki hafaidiki na mpango huo, na ngozi yake huhitaji jua zaidi kuliko ya mwenyeji. Maikrogramu 10 kwa siku ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima.

Dhidi ya ubingwa wa Ufini, hoja ya watu kujiua hutajwa kila mara na karibu kila mara hutajwa vibaya. Ni kweli kwamba mwaka 1990 Wafini zaidi ya 1,500 walijiua. Ni kweli pia kwamba baada ya mpango wa kitaifa ulioanza 1986, uliochunguza kila kifo cha aina hiyo kwa muda wa miezi 12, idadi ilishuka, na miaka ya karibuni imekuwa chini ya 800. Kiwango bado kiko juu ya wastani wa Umoja wa Ulaya. Na kilele chake si katikati ya giza, ni majira ya kuchipua, mwanga unaporudi. Anayetumia takwimu hizo kuthibitisha kuwa baridi na giza vinaua furaha anazisoma kichwa chini.

Penye udhaifu wa kweli ni upweke. Karibu nusu ya kaya za Ufini ni za mtu mmoja. Wengine hupenda hivyo, na kulazimisha neno upweke kwa kila anayeishi peke yake ni kuwaonea. Lakini ripoti ya 2018 ya Baraza la Mawaziri la nchi za Nordiki ilikuta asilimia 12.3 ya watu wa nchi hizo wakijiweka kipandio cha 6 au chini yake, na vijana walizidi kidogo. Kwenye jamii inayoambiwa kila mwaka kuwa ndiyo ya kwanza duniani, hao hukosa hata pa kulalamikia.

Kisha wageni. Mwaka 2018 ulitoa takwimu mbili zinazogongana. Ripoti ya Furaha iliwapanga wahamiaji wanaoishi katika nchi 117, na wale walioko Ufini wakawa wa kwanza. Mwaka huo huo, Wakala wa Haki za Msingi wa Umoja wa Ulaya uliripoti kuwa asilimia 63 ya watu wenye asili ya Afrika waliohojiwa Ufini walikuwa wamenyanyaswa kwa sababu ya rangi ndani ya miaka mitano, kiwango cha juu kuliko nchi zote zilizochunguzwa. Sehemu ya jibu ni kwamba makundi makubwa ya wahamiaji wa Ufini wakati huo yalitoka Estonia na Urusi, na wastani huwafunika wachache.

Sehemu nyingine imo kwenye ngazi yenyewe. Mkongomani aliyetoka kambi ya wakimbizi anapopanga vipandio vyake, cha chini kabisa anakijua kwa jina na kwa harufu. Kutoka huko hadi nyumba yenye joto na shule ya bure ni vipandio vingi, hata akitukanwa ndani ya basi. Mwanawe aliyezaliwa Tampere, mji wa Ufini, hana kambi ya kujilinganisha nayo. Anajilinganisha na mwanafunzi mwenzake wa dawati la pili, na tafiti za Ulaya zimeonyesha kuwa kizazi cha pili hakiridhiki zaidi ya wazazi wake. Mtoto huyo atakapofikisha umri wa kuhojiwa, tusi lile lile la ndani ya basi litamshusha vipandio vingi kuliko lilivyomshusha baba yake.