Nilivyovua kizibo kwa sumaku ya spika

Ijumaa ile fundi alikuwa anawahi msikitini. Injini ya Hiace, aina ya 5L ya dizeli, tumeilaza juu ya tairi mbovu, hedi imetoka, pistoni zimetoka, krenki imetoka. Kesho yake bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, ilikuwa iende kuchongwa silinda.

"Bwana mdogo," akaniambia huku anavaa kanzu, "ng'oa vizibo vyote vya ubavuni. Gonga ukingoni, usiguse katikati. Kikigeuka kikasimama upande, kamata na plaizi, vuta. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Macho yangu yalikuwa kwa mama wa ming'oko aliyekuwa anakatiza nje ya gereji.

Kama hujaviona vizibo hivyo, ni visahani vya bati vilivyoshindiliwa kwenye matundu ya duara ubavuni mwa bloku, mfano wa visoda vilivyonenepa. Bloku inapomiminwa kiwandani, ndani huwekwa mchanga ili zibaki njia za maji, na mchanga huo hutolewa kupitia matundu hayo kabla hayajazibwa. Wapo wanaokwambia viliwekwa ili maji yakiganda vichomoke vyenyewe, bloku isipasuke. Mtwara hii, maji yagande lini?

Cha kwanza kilitoka kwa adabu. Cha pili vilevile, nikaanza kujiona fundi. Cha tatu kilikuwa kimeliwa na kutu, maana mwenye gari anajaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi. Nikagonga ukingoni mara nne, hakijali. Nikaweka tindo katikati, nikashusha nyundo kubwa.

Tope la kutu likanirukia mdomoni, ladha ya msumari. Ndani nikasikia *kling'*, halafu kimya.

Nikamulika na tochi ya simu. Hicho hapo, kimelala chali kwenye njia ya maji, kinanitazama. Plaizi yangu fupi haifiki. Ndipo nikakumbuka spika ya redio iliyokufa pale kwenye boksi la skrepa. Nikabandua sumaku yake, nikaifunga mshipi. Mimi mtoto wa Mikindani, nitashindwa kuvua?

Nikaiteremsha polepole. Haijafika hata nusu, *tak!* Imenasa ukutani. Bloku yenyewe ni chuma juu mpaka chini. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza gereji, ila siku hiyo halikunijia. Nikavuta, mshipi ukakatika. Sasa humo ndani kuna vitu viwili.

Fundi akarudi, akahesabu vizibo kwenye sinia, akahesabu matundu.

"Kimoja kiko wapi?"

"Fundi, labda hakikuwepo."

"Hakikuwepo." Akavua kofia. "Na maji yalikuwa yanakaa tu, yanaona haya kumwagika?"

Nikakiri. Nusu tu, ya sumaku nikaiacha.

Akachukua plaizi ya mdomo mrefu na bisibisi. Bisibisi akaipitisha tundu la jirani, anasukuma, huku plaizi inasubiri upande wa pili. Dakika tano hazikuisha kizibo kikatokeza kikiwa kimesimama upande, akakichomoa. Sumaku imekiganda mgongoni.

"Na hii?"

"Ilikuwa inakifuata, fundi."

Mwenye gari, aliyekuwa kakaa kwenye benchi na kahawa yake, akacheka mpaka ikamwagika. Halafu akaacha ghafla. Ubavuni mwa sumaku ile kulikuwa kumenasa kitu cha tatu, nati ndogo iliyofura kutu, ambayo wallahi haikuwa yangu.

Fundi akaigeuza kiganjani, akamtazama mwenye gari. "Mzee, hii injini ilifunguliwa wapi mara ya mwisho?"

Mwenye gari akataja gereji. Fundi akanyamaza kidogo, akanirudishia sumaku.

"Safari hii ifunge kwenye waya mgumu, mjomba. Anza na tundu la mwisho kule."