Acheni kumtukana nyigu wa mkuyu

Kuna klipu inazunguka wiki hii, jamaa kashika tini anasema ukila hiyo umekula mzoga wa nyigu, na huko kwenye komenti kila mtu anaapa haigusi tena. Imeniuma jamani. Kitu cha ajabu hivi tumekigeuza kinyaa.

Mkuyu ni ndugu wa mtini, nao una nyigu wake. Niliwahi kupasua kuyu linaloanza kuiva, nikakuta vidudu vyeusi, vidogo kuliko punje ya ufuta, vinatembea juu ya maua. Ndio, maua! Mkuyu unatoa maua mengi tu ila yote yamefichwa ndani ya hilo tunaloliita tunda, nyuki haingii humo wala upepo. Anayeingia ni nyigu jike, na mlango wenyewe katundu kembamba mno, akijipenyeza mabawa yanakatika. Hatoki tena huyo. Anachomoa chavua kwenye vimfuko vya kifuani anaipaka kwenye maua, anataga mayai kwenye baadhi yake, anafia humo humo. Baadaye wanae wakishakua, madume ndio wanatangulia kutoka kwenye vijumba vyao, hawana mabawa, wanapanda majike, wanatoboa njia, basi kazi yao imeisha wanakufa, na majike wanatoka na chavua kutafuta mkuyu mwingine, na wana siku moja au mbili tu za kuishi.

Huyo ndio mnamwita mzoga?

Kule California walipanda mitini ya Smyrna, aina isiyokomaza tini bila nyigu, miaka ya 1880, matunda yakawa yanaporomoka machanga, mpaka nyigu wake alipoletwa mwaka 1899.

Haya, nakubali tini nyingi za dukani ni za aina zinazozaa bila nyigu. Na ile mikwaruzo unayoisikia mdomoni ni mbegu, sio miguu ya mdudu.

Ila kinachoninyima usingizi ni panga. Mkuyu mmoja kwa kawaida makuyu yake yanaiva kwa pamoja, kwa hiyo jike akitoka lazima awepo mkuyu mwingine ambao makuyu yake ndio kwanza yanafunguka. Upepo unaweza kumbeba mbali sana, Namibia watafiti walipima vinasaba wakakuta chavua imesafiri hadi kilomita 160, lakini wengi hawafiki popote. Sasa nyinyi mnakata mitatu mnaacha mmoja wa kivuli mnasema si tumebakiza. Huo mmoja utasimama, utazaa, jike atatoka na chavua yake kifuani, na hana pa kuipeleka.