Zipu Ishikwe na Mwenye Begi

Tulitoka Kasulu asubuhi, gari limejaa hadi mlangoni. Kwenye kizuizi kimoja kabla ya kuingia Kigoma mjini tukateremshwa wote na mizigo yetu. Jirani yangu wa kiti alikuwa bibi mmoja mwenye begi la shangazi kaja lililofungwa kwa kamba ya katani. Mkaguzi hakumwambia afungue. Aliikata kamba mwenyewe, akamwaga kila kitu mezani: vitenge viwili, kopo la mawese, dagaa waliofungwa kwenye gazeti, na kitasa cha mlango chenye kutu, skrubu zake mbili bado zimo.

"Bibi, hiki cha nini?"

"Cha mlango wangu."

"Mlango uko wapi?"

Bibi akanyamaza. Mkaguzi akakisukuma kitasa kando, akaita mwingine.

Sipingi ukaguzi. Mkoa wetu unapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Bunduki moja ndani ya gunia la muhogo inatosha kuliza kijiji kizima. Ninachopinga ni kuona kwamba begi likishafunguliwa na kukutwa halina silaha, basi halina kitu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na pale mezani niliuona usufi wenyewe: chuma cha nusu kilo ambacho mama mtu mzima amekibeba kuvuka mpaka akaacha sufuria.

Wapo wasanii walioshughulika na jambo hili hili. Mwaka 2017 Mohamad Hafez, msanifu majengo mzaliwa wa Damascus anayeishi New Haven, Marekani, alishirikiana na Ahmed Badr, kijana mzaliwa wa Iraki, kutengeneza kazi waliyoiita UNPACKED: Refugee Baggage. Ndani ya masanduku makuukuu Hafez alijenga vyumba vidogo, vya nyumba ambazo watu walizikimbia, kuta zimebomoka kwa vita. Unasogea, unavaa visikilizio, unamsikia mwenye chumba akisimulia maisha yake. Baadhi ya masimulizi hayo ni ya watu wa Kongo. Yaani jirani zetu wa ng'ambo wamesikilizwa kwa makini Marekani, na hapa kwetu tunawauliza kopo lina lita ngapi.

Chiharu Shiota, Mjapani anayeishi Berlin, yeye huyaning'iniza masanduku kwa kamba nyekundu, mengi mno, na mengine huyatia mota yakatikisika yenyewe. Mtu aliyewahi kulala kwenye treni ya Reli ya Kati, macho kwenye mizigo inayotetemeka juu ya kichwa chake usiku kucha, hahitaji kufafanuliwa kazi ile.

Naitaka sanaa ya namna hiyo Kigoma, kwenye jengo la stesheni, pale reli inapoishia. Mji huu umejengwa kwa mizigo. Hata meli ya Liemba yenyewe ilifika ikiwa mzigo: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye makasha, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini 1915. Miaka 100 baadaye, 2015, meli hiyo hiyo ilikuwa ikiwachukua wakimbizi wa Burundi ufukweni Kagunga na kuwaleta hapa mjini, mtu na kifurushi chake.

Ninavyoiona, kungekuwa na meza mbili. Ya kwanza, wewe mtazamaji unapekuliwa begi lako na mtu asiyesema neno. Apekue mpaka mfuko wa ndani. Uone inavyokuwa vitu vyako vikitazamwa na watu walio kwenye foleni. Meza ya pili ina mabegi yaliyofungwa, na kila begi mwenyewe amekaa kando yake. Unaomba. Akikubali, anafungua yeye, kwa mkono wake, anakuonyesha anachotaka kukuonyesha na kukueleza anachotaka kukueleza. Akikataa, unashukuru na kuondoka, na kukataa kwake kuhesabiwe kuwa sehemu ya kazi. Hapo sitaki mtu alegeze. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Waliokulia mle wamepigwa picha vya kutosha na wageni ambao hawakubisha hodi. Masanduku ya maonyesho yasiokotwe, yasinunuliwe mnadani, na wala yasifunguliwe na msanii hata awe na nia njema kiasi gani.

Na wenyeji tulete yetu pia. Mzigo wa moyo hauna uraia. Nyumbani kwetu Ujiji lipo sanduku la bati la marehemu baba, na mama hajaruhusu liguswe.

Siku ile dereva alianza kupiga honi bibi akiwa bado anapanga. Hakuharakisha. Alikifuta kitasa kwa ncha ya khanga, akakizungushia kitenge kimoja, akakilaza chini kabisa, juu yake dagaa, kisha kopo. Kamba ilikuwa imekatika vipande viwili. Nikashika ncha moja, naye akafunga fundo.