Eti kanunuliwa

Mdogo wangu mmoja, si wa tumbo moja ila tumekua pamoja Chang'ombe, Dodoma, ana podikasti. Anarekodi chumbani kwake, magodoro mawili kayaegemeza ukutani kuzuia mwangwi, na feni anaizima hata joto la Oktoba likimtoa jasho, maana mlio wake unaingia kwenye maiki. Anaongelea mambo ya kwetu: viwanja, maji, bei ya zabibu. Wasikilizaji wake si wengi, lakini ni watu wanaoijua nyumba anayolala.

Msimu wa zabibu wa Agosti alitoa kipindi nilichokisikiliza huku Nottingham, Uingereza, niko kwenye basi alfajiri natoka zamu ya usiku ya kuhudumia wazee. Alikuwa amekwenda Hombolo akakaa na wakulima, kisha akaenda na kwa wanunuzi. Huko alionyeshwa kile kifaa kidogo cha kupimia sukari: unadondosha tone la maji ya zabibu kwenye kioo, unakielekeza kwenye mwanga, unachungulia unasoma namba. Zabibu ya mvinyo ikiwa na sukari kidogo, mnunuzi anashusha bei au anaikataa kabisa. Akasema alichokiona. Kwamba wako wanunuzi wanaokaa na hela za watu miezi, na hiyo ni dhuluma. Na kwamba wengi wetu tunavuna sukari haijapanda, kwa sababu ada ya mtoto imefika, au ndege wanamaliza shamba, au jirani kashavuna na tunaogopa kubaki peke yetu na wezi. Aliyasema yote mawili kwa uzito mmoja. Nilijisikia fahari mpaka nikapitiliza kituo changu.

Watu walisikia la pili tu. "Chawa." "Kashalamba asali." "Bahasha imefika." Hayo ya kwenye simu aliyazoea. Yaliyomuumiza yalikuja kwa miguu. Mama yake anauza karanga na mlenda mkavu soko la Majengo. Mteja wake wa miaka mingi alisimama mbele ya meza, akamwambia, "Mama, mwambie mwanao asisahau alikotoka," akaenda kununua meza ya pili. Mjomba wake, mwenye ekari mbili za zabibu Mpunguzi, alipiga simu kwa baba mtu. Kwetu mkubwa hagombani na mtoto, anamsemesha mzazi wake.

Vipindi vitatu vilivyofuata vilikuwa vya kuwashambulia wanunuzi tu. Wasikilizaji walirudi. Mimi nilisikiliza nikasikia mtu anayesoma maneno ya wengine kwa sauti yake.

Tunapoongelea uhuru wa wasemaji wa mtandaoni nyumbani tunaanza na serikali, na ni haki. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu atoe zaidi ya shilingi milioni 2 za ada, na Juni mwaka huo hata JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ilisimama kwa muda. Si jambo dogo. Ila mdogo wangu hakuzimwa na ofisi yoyote. Alizimwa na sisi tunaompenda.

Nilipofika Uingereza niliamini huku nimekuta dawa. Mwaka 2022 Emily Maitlis na Jon Sopel, watangazaji wakubwa wa BBC, waliondoka wakaenda kuanzisha podikasti. Redio na televisheni huku zinabanwa na Ofcom, mamlaka ya kusimamia utangazaji, zisiegemee upande kwenye habari, lakini podikasti haziguswi na sheria hiyo. Hakuna mhariri wa kukukata, na hakuna msikilizaji wako hata mmoja mwenye namba ya mjomba wako. Nikasema uhuru ndio huu, nikaanza kulipia pauni 5 kwa mwezi podikasti ya bwana mmoja mchambuzi wa siasa, aliyekuwa akiwakosoa wote bila kuangalia sura.

Siku moja alimsifu waziri wa upande ambao sisi wasikilizaji wake hatuupendi. Sentensi mbili tu, na nikitazama leo naona zilikuwa za kweli. Wiki iliyofuata akasema mwenyewe kwamba mamia ya watu wamesitisha malipo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekatwa mshahara. Tangu hapo sijamsikia akimsifu mtu yeyote wa upande ule.

Mimi ni mmoja wa wale mamia. Nilikuwa jikoni, chai haijachemka, nikabonyeza kitufe. Sikumwandikia hata neno moja.

Hilo linanikaa moyoni kuliko matusi yote aliyotukanwa mdogo wangu. Yule mteja wa Majengo angalau alisimama, akasema linalomkera, akatazamana na mtu. Mimi niliondoka kimya, na ukimya wangu ukahesabiwa pamoja na wa wengine, ukamfikia yule bwana ukiwa namba. Namba huwezi kuieleza jambo. Mjomba unaweza kumfuata.

Halafu nyumbani kuna jambo jingine watu wa huku hawalijui. Msikilizaji wa Dodoma anatoa hela kweli kusikiliza, lakini analipia bando, na hela inaishia kampuni ya simu. Anajiona amemlipa msemaji, ana haki ya kumdai. Msemaji hajaona hata mia. Anategemea tangazo la duka la vifaa vya ujenzi, wachache wanaotuma chochote kwenye lipa namba, na YouTube, ambayo humpa mwenye video asilimia 55 ya hela ya matangazo yanayowekwa kwenye video hiyo. Kila anayekasirika na kuondoka, anaondoka na kipande cha sahani yake. Mimi namtumia kidogo kila mwisho wa mwezi, na nimemwambia wazi: hii ni ya kile kipindi cha Hombolo.

Juzi alinipigia. Alikuwa ameazima kile kifaa akaenda nacho Mpunguzi, bila maiki. Mjomba alimpokea kwa salamu fupi. Wakaingia shambani, wakachuma zabibu za mistari minne tofauti, mjomba akadondosha mwenyewe, akachungulia mwenyewe. Namba ilikuwa chini. Akafuta kioo kwa shati, akachungulia tena, akakaa juu ya kreti muda mrefu bila kusema kitu.

Mdogo wangu akamuuliza kama anaweza kurudi kesho na maiki.

"Rudi," mjomba akasema. "Ila na yule mnunuzi anayenisubirisha hela miezi minne, umseme vilevile."