Picha za magharibi mwa Kenya: kabla ya jengo, majina

Gregory Maloba alizaliwa Mumias mwaka 1922. Ndiye aliyeiunda Sanamu ya Uhuru ya Uganda, ile ya mama anayemwinua mtoto juu, iliyosimama Kampala tangu 1962. Alisomea Makerere chini ya Margaret Trowell, akabaki kufundisha. Leo mwanafunzi wa sanaa wa Kisumu au Kakamega akitaka kuandika juu yake, ataelekezwa Kampala, au Nairobi. Hakuna atakayemwambia aanzie Mumias.

Hali ni hiyo kwa kumbukumbu nyingi za sanaa za huku kwetu. Picha alizowapiga Waluo mwanaanthropolojia Evans-Pritchard mwaka 1936 zimo katika makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Na kati ya 2018 na 2021, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, wasanii wa Nest Collective na wenzao wa Ulaya waliandaa orodha ya vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo. Wakapata zaidi ya 32,000 katika taasisi zipatazo 30.

Ukiuliza kando ya Ziwa Victoria vitu hivi vikae wapi, jibu ni fupi: virudi, vijengewe makumbusho karibu na wenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Katiba ya 2010 iliweka makumbusho na shughuli za utamaduni za mashinani mikononi mwa kaunti. Tena yameshawahi kutokea. Mwaka 2006 Wanandi walirudishiwa fimbo za Koitalel arap Samoei, kiongozi wao aliyeuawa 1905, na zikapokewa kwa sababu kila mtu alijua ni za nani.

Wanaosita nao wasikejeliwe. Paa ya Paa, jumba la sanaa la Elimo Njau, liliungua mwaka 1997 na kazi nyingi zikateketea, na hapo ni Nairobi, si kijijini. Huku kwetu kuna joto, unyevu wa ziwa, na mchwa. Karatasi na filamu za zamani zinataka chumba kikavu usiku na mchana, maana yake bili ya stima kila mwezi, mwaka baada ya mwaka. Bili haina utepe wa kukata, na sijaona mwanasiasa akialika kamera kuja kumtazama akilipa.

Basi wengi hukimbilia njia ya tatu: kila kitu kipigwe picha, kiwekwe mtandaoni, asili ibaki iliko. Ni rahisi, na mwalimu wa Siaya ataweza kumwonyesha mwanafunzi wake ngao au chungu ambacho vinginevyo asingekiona. Naikubali njia hii, ila nina shaka na jinsi inavyosifiwa. Maelezo ya picha za enzi ya ukoloni mara nyingi hutaja kabila, mahali, labda na shughuli, kisha yanaishia hapo. Ukiyapandisha mtandaoni yalivyo, umesambaza ujinga uleule kwa kasi zaidi.

Ndiyo maana naona kazi iliyofanywa mwaka 2007 ilikuwa na maana kuliko skana nyingi. Gilbert Oteyo na Chris Morton walileta Nyanza nakala za picha za Oxford, katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, wakaziweka mbele ya watu ambao jamaa zao ndio waliopigwa. Oxford inamwona mtu aliyevaa kilemba cha manyoya. Mjukuu wake akiiona picha hiyohiyo, anaweza kukwambia jina, ukoo, sherehe ilikuwa ipi, na nani alikitengeneza kilemba. Maelezo hayo hayamo kwenye picha yenyewe. Yamo vichwani mwa watu, na vichwa hivyo vinapungua: aliyekuwa mtoto mdogo mwaka 1936 sasa ana miaka 90 au zaidi, kama yu hai. Karatasi ya Oxford itasubiri miaka mingine 50 bila taabu. Mzee wa Alego, huko Siaya, hatasubiri.

Si kila kitu cha kuanikwa, hata hivyo. Mapango ya kisiwa cha Mfangano, ziwani, yenye michoro ya duara nyekundu na nyeupe yalihusishwa na maombi ya mvua. Kuonyesha picha zake ni sawa. Kumwonyesha kila mtu njia ya kufika mlangoni ni kumwita mwenye chupa ya rangi aje kuandika jina lake ukutani. Ipo sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, lakini picha ikishasambaa, mahakama haiwezi kuirudisha.

Tena tunalia na 1936 huku ya leo yakipotea mbele yetu. Tabaka, Kisii, huchonga mawe yanayouzwa duniani kote. Elkana Ong'esa anajulikana, ndege wake yuko UNESCO, Paris. Wenzake wengi kazi zao huondoka bila jina. Na masanduku ya filamu ya studio za zamani za Kisumu na Nakuru, mwenye studio akifa, nani anayachukua?

Kwa hiyo pesa za kwanza nisingezipeleka kwenye jengo. Ningeajiri vijana wanaojua Kijaluo, Kiluhya na Ekegusii, niwape nakala zilizochapishwa kubwa na kinasa sauti, wazunguke kwenye mabaraza na hata matangani, ambako wazee hukutana. Makumbusho ya Kisumu yapo tangu 1980. Chumba kimoja humo kingetosha kuanzia. Madai ya kurudishiwa vitu yaendelee wakati huohuo, kwa kuwa "hamjawa tayari" ni jibu linaloweza kutolewa milele. Linalonisumbua ni moja: majina na simulizi zitakazokusanywa zikiishia kwenye kompyuta ya ng'ambo, tutakuwa tumewapa kitu cha pili juu ya kile cha kwanza. Rekodi zikae Kisumu, familia ziwe zimekubali, kisha Oxford ndiyo iombe nakala.