Kabla ya Kutafuta Trela, Fungua Mlango wa Dereva

Mzee wangu aliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi, na kitu alichokiogopa kuliko mteremko wa Kitonga kilikuwa mizani. Kibaha, Mikese, Makambako: kila kituo foleni, kila foleni jasho. Ekseli moja ikizidi, safari imeishia hapo. Nilikua nikiamini mizani ni adui wa dereva, na imani hiyo nilikuja nayo mpaka Colorado, Marekani, hadi siku nilipoamua kununua trela la kulala lililokwisha kutumika.

Nazungumzia yale matrela yenye vitanda, jiko la gesi, sinki na choo, ambayo familia za huku hufunga nyuma ya gari na kwenda nayo milimani. Rafiki yangu mmoja wa Aurora huliita geto lenye magurudumu. Huku gari la familia halipimwi na mtu yeyote. Unaweza kufunga geto lako, ukaingia barabara kuu namba 70 na kuanza kupanda milima, na hakuna askari atakayekuuliza umebeba kiasi gani. Hapo ndipo penye mtego. Nyumbani dereva wa lori serikali inampima atake asitake. Huku usipojipima mwenyewe, utapimwa na mteremko.

Wengi tunanunua kinyumenyume. Tunaliona trela, tunalipenda, watoto wanapanda kitanda cha juu na kugoma kushuka, halafu ndipo tunauliza kama gari letu litaliweza. Muuzaji naye anajibu kwa namba moja tu: "Gari lako linavuta paundi 5,000, trela lina 3,980, hofu ya nini?" Nami niliambiwa hivyo hivyo. Hakunidanganya hata neno moja, na bado ningelinunua lile trela ningekuwa nimejitia kitanzi.

Gari langu ni Toyota Highlander ya 2016, ya silinda sita, yenye vifaa vya kuvutia vilivyofungwa kiwandani. Ni kweli kiwango chake ni paundi 5,000, yaani kama kilo 2,270. (Huku kila kitu ni paundi, nimezoea, ingawa moyoni bado napima kwa gunia.) Highlander ya mwaka huo huo yenye silinda nne inaruhusiwa paundi 1,500 tu. Ukiyaona barabarani, ni pacha. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Highlander inavuta 5,000", muulize ipi.

Hata hivyo, hiyo 5,000 siyo namba ya kubishania. Watengenezaji wengi wanafuata kipimo cha uwezo wa kuvuta kiitwacho SAE J2807, na ndani ya kipimo hicho gari linabeba dereva na abiria mmoja, paundi 150 kila mmoja, pamoja na vifaa vichache vya kuvutia. Kilo 68 na kilo 68. Hakuna watoto watatu kwenye jaribio hilo. Hakuna mama mkwe aliyekuja kutoka Morogoro kwa miezi mitatu, na hakuna sufuria lake.

Namba inayokuhusu imebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Fungua mlango, inama, utaiona stika inayotaja uzito wa watu na mizigo ambao gari halipaswi kuuzidisha. Yangu inasema paundi 1,290. Nilikuwa nimeendesha gari lile miaka minne bila kuisoma.

Sasa, uzito wa trela haubebwi wote na magurudumu yake. Sehemu yake inakandamiza nyuma ya gari, pale chuma cha mbele cha trela kinapokaa juu ya kichwa cha duara kilichofungwa kwenye gari. Sehemu hiyo inatakiwa iwe kati ya 10% na 15% ya uzito wa trela lenye mizigo. Ikipungua, trela linaanza kupepesuka huku na huko ukiwa kwenye mwendo, na kupepesuka kukishakolea hakuna dereva fundi. Ikizidi, gari linachuchumaa nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unapoteza mamlaka. Na uzito huo unaokandamiza unahesabiwa ndani ya ile 1,290, pamoja na wewe, mkeo, watoto na chakula.

Nikachukua karatasi. Mimi paundi 185, mke wangu 160, watoto 95, 70 na 50. Mama mkwe ilibidi aulizwe na binti yake, maana kumuuliza mkweo uzito wake ni jambo ambalo hata mizani ya Kibaha isingethubutu. Jibu lilirudi, 150, nami sikuhoji. Jumla 710. Chuma cha kuvutia kinachochomekwa nyuma, 35. Majiko, viti vya kukunja, kasha la barafu na lile sufuria, 90. Tumefika 835, na trela bado halijafungwa. Zilizobaki ni 455. Ukichukulia kwamba trela litakandamiza kwa 12% ya uzito wake, basi trela ninaloliweza likiwa limejaa ni kama paundi 3,790.

Hiyo ndiyo 5,000 yangu ilipoishia.

Na ile 3,980 ya muuzaji? Ilikuwa uzito wa trela lilivyotoka kiwandani, tupu. Kwenye bamba la trela lenyewe, upande wa mbele kushoto, kuna herufi GVWR, na hizo ndizo za kusoma: uzito wa juu kabisa linaoruhusiwa kufika likiwa na kila kitu. Lile lilikuwa na 5,400. Ukinunua trela la mtumba, hulinunui tupu. Lina betri, lina mitungi miwili ya gesi (ule mdogo wa kawaida, ukijaa, unakaribia paundi 37), lina godoro zito aliloongeza mwenye nalo, kapeti, rafu alizopigilia mwenyewe. Jaza tangi la maji la lita 150 na umeongeza kilo 150, maji hayana huruma. Mimi nalinganisha gari langu na GVWR, wala sisikilizi namba nyingine. Wapo watakaosema naogopa kupita kiasi kwa sababu hakuna anayejaza trela mpaka mwisho. Hao hawajawahi kusafiri na familia yangu.

Kuna ushauri mwingine unaozunguka sana: weka springi nene, funga mifuko ya hewa nyuma, nunua vile vyuma vya kugawanya uzito kati ya ekseli, na gari litabeba zaidi. Vitu hivyo vinaweza kulifanya gari likae sawa, na vyuma vya kugawanya uzito vina faida yake pale gari linapoviruhusu. Lakini havibadilishi stika ya mlangoni. Breki ni zile zile, ekseli ni zile zile, giaboksi ni ile ile.

Tukaacha lile kubwa. Mke wangu alinuna siku mbili, kitanda cha juu kilikuwa kimemkaa moyoni kuliko watoto.

Kutafuta trela dogo la mtumba ni kazi ya pua na kidole gumba. Matrela mengi yana fremu za mbao nyembamba ndani ya kuta, na maji yakishaingia kupitia paa au pembe ya dirisha, mbao zinaoza kimyakimya wakati nje kunang'aa. Nilikagua matano. La kwanza lilinukia marashi ya limao kupita kiasi, nikajua kuna harufu inayofunikwa. Nikafungua kabati lililo chini ya kitanda, kwenye pembe ya mbele, nikabonyeza ukuta, kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa. La pili ukuta wa nje ulikuwa umevimba mapovu, ubao na ngozi yake vimeachana. La tatu sakafu ya mlangoni ilibonyea chini ya kiatu. Mwenye nalo alisema ndivyo lilivyotengenezwa. Nenda siku iliyofuata mvua kubwa ukiweza, na panda ngazi uangalie paa kwa macho yako, hasa gundi inayozunguka matundu ya hewa. Jua la Colorado linaipasua, na mvua ya mawe inamalizia.

Kuna kasoro nyingine ambayo sisi watu wa joto hatuifikirii. Trela likiachwa msimu wa baridi bila kutolewa maji kwenye mabomba, maji yanaganda na kupasua bomba ndani ya ukuta. Usikubali kuambiwa "mfumo wa maji uko sawa". Omba tangi lijazwe, pampu iwashwe, bomba zifungwe, kisha kaa kimya usikilize. Pampu ikiendelea kuguruma wakati hakuna bomba lililo wazi, maji yana mahali yanapokwenda.

Tairi usizipime kwa kashata, ile michongo yake ya juu. Tairi ya trela inazeeka ikiwa imesimama uani, bado mpya machoni. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Zikikaribia miaka sita mimi nazihesabu kama hazipo na nazitoa kwenye bei. Na namba ya utambulisho kwenye fremu ilingane na iliyo kwenye hati ya umiliki. Hapo hakuna mjadala.

La tano ndilo tulilonunua: kama mita 5, GVWR 3,500, ekseli moja. Nilipompigia mzee simu kumweleza, hakuuliza bei wala rangi. Aliuliza, "Breki za tela unazikamata wapi?" Swali la mtu wa Kitonga. Matrela haya yana breki za umeme, lakini hazifanyi kazi bila kifaa kinachofungwa karibu na usukani, na gari langu halikuwa nacho. Nilikifunga kabla ya kwenda kulichukua trela. Wanaolileta nyumbani kwanza ndipo wafikirie breki ni wengi, nami nawaona ni wacheza kamari.

Na milima ya huku si ya mchezo. Barabara namba 70 inapanda kutoka Denver mpaka handaki la Eisenhower, kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko kituo cha Mandara kule Kilimanjaro. Injini isiyo na turbo inapoteza takriban 3% ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Ukishatoka handakini unaporomoka kuelekea Silverthorne, na kando ya barabara kuna njia za dharura zilizojazwa changarawe kwa ajili ya malori yaliyoishiwa breki.

Safari ya kwanza tulikwenda bwawa la Dillon, chini ya mteremko huo. Asubuhi, kabla ya kupanda, niliingia kituo cha malori chenye mizani ya CAT Scale, familia nzima ndani. Unalipa dola chache, unapanda, unapewa karatasi. Gari na trela kwanza: ekseli mbili za gari paundi 5,960, ekseli ya trela 2,930. Nikalifungua trela pembeni, nikarudi na gari peke yake: 5,540. Tofauti, 420, ndiyo inayonikandamiza. Jumla ya trela 3,350. Asilimia 12 na nusu. Gari langu, likiwa na kila kitu pamoja na huo unaolikandamiza, mwisho wake ni 6,000.

Zilibaki paundi 40, kama kilo 18. Nilikuwa bado naitazama karatasi kwa furaha ya mtoto aliyefaulu mtihani, mke wangu akanionyesha kwa macho. Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya trela na mfuko wa mchele wa kilo 20 aliokuwa ameuacha gereji. Rafiki yetu alikuwa ameutupia kwenye gari lake, na ndiyo kwanza amefika kutuaga.

"Baba, huu utauweka wapi?"

Mchele tuliununua Frisco, kilo mbili mbili, kwa bei ya watalii.